Skana ya Mzee Masjala

Mtaani walimwita Mzee Masjala, na jina likamkaa. Kwa miaka thelathini na miwili alikuwa karani wa masjala katika ofisi moja ya serikali, chumba chenye makabati ya chuma mpaka darini. Alipostaafu aliondoka na tabia mbili ambazo mkewe alizivumilia kwa kicheko: hakuacha barua bila kuijibu, na hakuruka ukurasa. Hata gazeti alilisoma kuanzia juu, matangazo ya vifo na ya viwanja yakiwemo, na ukimuuliza matokeo ya mpira atakwambia hajafika huko.

Mkewe alipoanza kusahau, mwanzoni walicheka. Chumvi kwenye chai inachekesha mara moja. Lakini siku alipomuuliza mumewe, kwa adabu kabisa, ofisi inafungwa saa ngapi, hakuna aliyecheka. Daktari alisema ugonjwa huo haurudi nyuma, ila mgonjwa akizungumzishwa mambo ya zamani huweza kujishikilia kidogo. Mzee akaona hiyo ni kazi anayoiweza. Akaishusha albamu ya familia kutoka juu ya kabati.

Macho ya mkewe yalikuwa na ukungu, picha ndogo hayazioni. Kwa hiyo kila siku baada ya chai ya asubuhi mzee aliulaza ukurasa mmoja wa albamu kwenye skana, akaikuza picha mpaka sura ikajaa kioo chote cha kompyuta. Viti viwili, meza moja. Yeye anauliza, "Huyu nani?" Mkewe anataja, na yeye anaandika jina chini ya picha kwa vidole viwili.

"Huyo mjomba wangu," mkewe alisema siku moja, akachangamka. "Mchoyo huyo, sijapata kuona. Wageni wakiondoka anahesabu vijiko."

Mzee akaandika: Mjomba. Alihesabu vijiko. Wakacheka mpaka chai ikapoa. Asubuhi zile zilikuwa nzuri, na alijua ni nzuri, jambo ambalo wengi wetu hatulijui mpaka zipite.

Picha aliyokuwa akiingojea ilikuwa ukurasa wa mwisho, wa thelathini na nne. Ilikuwa picha ya mtoto wao wa kwanza, miaka minne, amekaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma, ameshika kipande cha mkate na kufinya macho kwa sababu ya jua. Ndiyo picha pekee waliyopata kumpiga. Homa ilimchukua kwa siku tatu. Baada ya mazishi, watu waliokuwa wakimwita mkewe mama kwa jina la mtoto huyo wakaanza, polepole na kwa huruma, kumwita kwa jina la binti aliyezaliwa baadaye. Hivyo jina likatoka nyumbani bila mtu kulifukuza. Kwa miaka arobaini na mmoja wale wawili hawakulitamka mmoja mbele ya mwenzake. Sasa mzee alitaka kulisikia kinywani mwa mkewe, mara moja tu, kabla halijapotea na huko nako. Mtu mwingine angefungua ukurasa wa mwisho siku ya kwanza. Yeye alianza na wa kwanza, akaenda ukurasa baada ya ukurasa.

Walikuwa ukurasa wa kumi na sita kompyuta ilipoanza kuuliza. Iliuliza kwa heshima: kuna toleo jipya la mfumo, je, liwekwe sasa? Siku ya kwanza mzee akaliondoa swali, na ya pili vilevile. Siku ya tatu akaona aibu. Kule masjala, barua iliyokuja mara tatu bila majibu ilikuwa inampeleka mtu kwa bosi. Akabonyeza Ndiyo.

Kesho yake kompyuta iliamka na sura mpya na rangi za kupendeza, na haikuijua skana. "Hakuna kifaa kilichopatikana," ikaandika, na skana ipo palepale ubavuni mwake, taa ya kijani inawaka. Mzee akachomoa waya, akauchomeka tena. Akajaribu tundu lingine. Akazima kila kitu, akanywa maji, akawasha. Jumamosi binti yao alikuja akajaribu kupiga picha kwa simu, lakini nailoni ya albamu ilimeta, picha zenyewe zilikuwa zimegandia humo, na nyuso zikikuzwa zinakuwa uji.

"Niipeleke kwa fundi, baba?"

"Nitaipeleka mwenyewe. Mimi ndiye niliyejibu."

Fundi wa karibu na posta aliipokea skana akasema njoo Jumatatu. Jumatatu akasema njoo Alhamisi. Alhamisi duka limefungwa. Mzee alipigwa danadana siku kumi na mbili, na mwisho wake akaambiwa, "Mzee, hii imezeeka. Mfumo mpya hauitambui. Tupa, tafuta nyingine." Kamba aliyoifungia skana nyumbani ilikuwa bado imefungwa vilevile, na fundo lake mwenyewe. Aliibeba kwapani akarudi nayo, na kama kuna mtu wa kulaumiwa katika habari hii, mimi simlaumu aliyebonyeza Ndiyo.

Maana siku hizo zote mkewe alikuwa akikaa kwenye kiti chake baada ya chai, anangoja. Siku ya nne aliuliza, "Leo hatuandiki, bwana karani?" Siku ya tisa hakukaa tena. Alisimama dirishani akikunja na kukunjua kitambaa cha mezani.

Binti ndiye aliyempata fundi wa pili, mwanamke wa makamo aliyezoea kutengeneza kompyuta za shule. Alikuja nyumbani, akavua viatu mlangoni, akainama nyuma ya meza.

"Skana yako nzima, baba," alisema. "Ila hii na kompyuta zimepotelewa na mkalimani, ile programu ya kuzifanya zielewane. Yule wa zamani mfumo mpya umemwacha nje. Kuna programu ya watu wanaopenda mashine za zamani, tuijaribu hiyo."

"Mwenzako aliniambia niitupe."

"Alikuwa na haraka."

Ilimchukua saa moja na ushee. Kisha taa ikatembea chini ya kioo na ule mlio wake wa kukwaruza ukasikika, na mzee akashika ukingo wa meza asije akalia mbele ya mgeni.

Asubuhi iliyofuata alimshika mkewe mkono akamkalisha. Ukurasa wa kumi na tisa. Dada mkubwa wa mkewe, aliyemlea, akajaa kwenye kioo.

"Huyu nani?"

Mkewe aliangalia kwa muda mrefu. "Simjui. Samahani."

Ukurasa wa ishirini. "Samahani sana, bwana karani, na huyu simjui." Aliomba radhi kama mgeni aliyeharibu kitu cha watu.

Mzee akaishika albamu na, kwa mara ya kwanza katika maisha yake, akaruka. Aliulaza ukurasa wa thelathini na nne. Taa ikatembea. Mtoto akatokea, mkate mkononi, macho ameyafinya.

Mkewe akatabasamu.

"Mtoto mzuri," akasema mkewe. "Wa nani?"

"Wetu," akasema mzee. "Mimi na mke wangu."

"Hongereni." Akakisogelea kioo. "Anaitwa nani?"

Vidole viwili vya mzee vilikuwa juu ya herufi na havikujua pa kuanzia.

Mkewe hakungoja jibu. Uso ulikuwa umemkunjamana kwa wasiwasi, wasiwasi ule ule wa zamani, wa mama. "Jua linamchoma huyo, humuoni anavyofinya macho? Mwite aingie ndani."

Mzee akainuka. Alikwenda mpaka mlango wa nyuma, akasimama juu ya ngazi ile ile, uani hakuna mtu, jua limeshapanda. Akaita. Aliliita jina lote, kwa sauti kubwa, kama anavyoitwa mtoto aliye mbali na mchezo umemnogea. Akaita tena. Ng'ambo ya ukuta jirani aliyekuwa akianika nguo aligeuka, kutazama ni mtoto gani anayeitwa.