Mshona Viroba na Safari ya Bujora

Siku ya kwanza nilipomwona Melania alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyopinduliwa, uzi ameuuma kwa meno, anashona kiroba kilichopasuka kwenye karasha letu pale Masumbwe. Ilikuwa asubuhi na mapema, vumbi la mawe lilikuwa halijaanza kupanda. Mimi ndiye niliyekuwa nawasha karasha, yaani mashine ya kusaga mawe ya dhahabu. Nilipofika nikakuta mtu amekaa mahali ninapoweka dumu langu la dizeli, nikabaki nimesimama.

"Habari za asubuhi, kaka," akasema. "Hapa pana mwenyewe?"

Nikatikisa kichwa kwamba hapana. Kuanzia siku hiyo dumu la dizeli nikawa naliweka upande wa pili, kwenye jua.

Wachimbaji huleta mawe yao yenye dhahabu kwenye viroba, na kiroba kikipasuka njiani, mtu anaweza kupoteza kazi ya wiki nzima. Melania alishona viroba hivyo kwa sindano ndefu ya magunia. Uzi hakununua. Aliufumua kutoka kwenye viroba vilivyokufa kabisa, akaukunja mara mbili, na mwisho wa mshono alipiga fundo ambalo halikufumuka. Nimeona viroba vimechanika kila mahali isipokuwa pale alipopiga fundo. Wachimbaji walimwita Mama Rebeka, kwa jina la binti yake aliyeolewa Nyahanga, Kahama. Mumewe alikuwa amefariki miaka mingi kabla hajafika kwetu.

Hakuwa mpole kama watu wanavyosema juu ya wajane. Mchimbaji akimtupia kiroba bila salamu, alikiacha palepale chini mpaka mwenyewe arudi.

"Mama Rebeka, kazi yangu vipi?"

"Kazi gani? Mimi nimeona takataka imetupwa. Nilidhani unafanya usafi."

Watu walicheka, yule mtu akasalimia, kiroba kikashonwa. Nami nyuma ya mashine nilicheka pia, lakini kwa kelele ile hakuna aliyenisikia.

Kila Jumamosi jioni tulikutana kwenye mazoezi ya kwaya. Yeye aliimba sauti ya pili, mimi besi, na besi husimama nyuma. Kwa miaka minne nilisimama nyuma ya Melania. Najua jinsi alivyofunga kilemba chake, najua bega lipi lilishuka akiwa amechoka. Mke wangu wa kwanza aliondoka zamani, hatukujaliwa mtoto, na tangu hapo sikuwa nimezungumza na mwanamke kwa namna hiyo. Mtu wa kawaida angetafuta mshenga. Lakini hata mshenga lazima umwambie mtu kwamba unamtaka, na hapo ndipo nilipokwama. Nilianza sentensi hiyo mbele ya rafiki yangu Ignas mara mbili, nikaimalizia kwa kuomba kiberiti.

Mwaka jana mwezi wa saba Melania alitangaza kwamba anahama. Mama yake, Bibi Mbuke, anaishi Songwa, na macho yake yalikuwa yameanza kufifia. Mtoto wa kike aliyebaki ni yeye. Wakati huohuo mwenyekiti wetu wa kwaya, Marselino, alikuwa amepanga safari: Jumamosi tungekula hotelini mjini Shinyanga, tulale kwenye hosteli ya kanisa, na Jumapili twende Bujora kwenye makumbusho ya Wasukuma. Melania akasema basi hiyo ndiyo itakuwa safari yake ya kuaga. Bibi Mbuke angekuja kutukuta Shinyanga, aende nasi Bujora, na tukirudi wote wawili washuke Maganzo, waelekee nyumbani.

Kwa hiyo nilikuwa na siku mbili. Nilijiambia hivyo nilipokuwa nafunga kamba mizigo yake juu ya Kosta: godoro, sufuria, na mkoba wa sindano. Nikijiuma ulimi siku hizo mbili, basi tena.

Kule hotelini Marselino alikuwa amewaambia waunganishe meza zote ziwe moja ndefu. Sisi nyumbani wanaume tunakula kwetu, wanawake kwao, hata kwenye sherehe. Watu wakasimama wakitazamana.

"Kaeni popote," Marselino akasema. "Leo tumetoka. Mume na mke, baba na mama, besi na soprano, wote meza moja."

"Na mimi nikae na kuku," akasema Ignas, ambaye ni mchimbaji na mwimbaji wa sauti ya tatu, ile ya tena, na mdomo wake haupumziki. Mhudumu alipoleta orodha ya vyakula yenye picha, Ignas akaweka kidole juu ya picha ya samaki. "Dada, huyu anakuja na saizi hii, au huyu ni wa kupigia picha tu?"

Tukaagiza. Wengi walitaka sato na ugali, wachache wali na kuku. Mimi nilikaa mwisho wa meza. Kiti cha mbele yangu kilikuwa kitupu, na nilifurahi. Ndipo Melania akaingia amemshika mkono mwanamke mzee mrefu, amejifunga kitenge cha rangi ya udongo. Akamzungusha mezani akimtambulisha kwa kila mtu, na mwisho akamkalisha kwenye kile kiti. Yeye mwenyewe akakaa pembeni yake.

"Mama, huyu ndiye Bujiku, wa mashine. Hasemi, lakini ni mtu."

Nikamsalimia kwa Kisukuma, nikiwa nimeinamisha macho. Akaitika vizuri. Sahani zikaja. Nikanawa, nikakata tonge, nikalichovya, nikalipeleka mdomoni.

Halikupita.

Kwetu mwanamume hali mbele ya mama mkwe wake. Hampi mkono, hakai naye kwenye mkeka mmoja, wakikutana njiani mmoja hupisha pembeni. Ni heshima, na mtu hukua nayo mpaka inakuwa kama kuvuta pumzi. Bibi Mbuke hakuwa mkwe wangu. Lakini moyoni mwangu nilikuwa nimemfanya mkwe kwa zaidi ya mwaka, kabla hata sijamwona, na sasa mwili wangu ulitii moyo wakati mdomo ulikuwa haujasema neno. Siwezi kusema sikujua ninachofanya. Nilirudisha tonge kwenye sahani, nikainuka, nikachukua sahani yangu, nikaenda kukaa kwenye kimeza kidogo kando ya sinki la kunawia, nikaugeukia ukuta.

Meza ikapunguza sauti.

"We Bujiku!" Ignas akaita. "Unakimbia nini huko? Umemwona mama mkwe?"

Alitania tu. Watu wakaanza kucheka, kisha kicheko kikafa kutoka upande mmoja wa meza kwenda mwingine, kwa kadiri kila mmoja alivyoelewa. Aliyebaki nje ni mwalimu wetu wa kwaya, Deusdedit, ambaye ni mtu wa Bukoba.

"Kwani vipi?" akauliza. "Samaki ameharibika?"

"Kula, mwalimu," Marselino akamwambia taratibu. "Samaki ni mzima."

Niligeuza shingo kidogo. Bibi Mbuke alikuwa amevuta ncha ya kitenge chake na kujifunika upande wa uso unaonielekea, na kiti chake amekigeuza ubavu. Hivyo ndivyo afanyavyo mama mbele ya mkwe wake. Nilihisi joto likipanda mpaka masikioni. Kwa muda mfupi nilikuwa na furaha ambayo sijawahi kuipata, nimekaa pale na ukuta wa vigae mbele yangu na maji ya sinki yanadondoka. Kisha nikamtazama Melania. Alikuwa ananitazama moja kwa moja, bila tabasamu wala hasira, kama anavyomtazama mtu aliyemletea kiroba na bado hajasalimia.

Usiku huo hosteli Ignas alikuja kukaa kwenye kitanda changu.

"Kaka, samahani. Sikujua."

"Hata mimi," nikasema.

"Sasa umeshaongea na mwenyewe?"

Nikavua viatu, kimoja kimoja.

"Umeanza na mama yake?" Akajishika kichwa. "Bujiku, wewe umeingia nyumbani kwa watu kwa kupitia paa."

Bujora tulifika saa tano. Kwa mtu aliyezoea mashimo na makarasha ya Masumbwe, pale ni kimya sana, kuna majabali na miti, na nyumba za makumbusho zimetawanyika kilimani. Aliyetuongoza alituonyesha ngoma kubwa za watemi, akatueleza habari za wacheza ngoma wa zamani na jinsi vikundi vyao vilivyoshindana. Ignas akauliza kama besi ililipwa sawa na tena. Tulikwenda nyumba baada ya nyumba. Mlango wa mojawapo ulikuwa mwembamba, na mimi nilikuwa natoka wakati Bibi Mbuke anaingia, ameshikwa mkono na mmoja wa akina mama. Nikarudi nyuma haraka, nikageukia ukutani. Akapita amejifunika. Alipokuwa ameshanipita akasema, siyo kwangu, kama anayeongea na hewa:

"Huyu alilelewa."

Hilo lilikuwa jibu lake. Watu watatu walilisikia.

Nikasema sasa hivi, kabla ya chakula cha mchana, namwambia Melania. Na yeye alinisaidia. Kwenye nyumba ya Kisukuma ya mfano, ile ya duara yenye vyombo vya kale, wenzetu walipotoka yeye alibaki, ameinama mbele ya jiwe la kusagia. Tukawa wawili tu. Mwanga uliingia mlangoni ukaishia miguuni pake.

"Bibi yako alikuwa na jiwe kama hili?" akauliza.

"Alikuwa nalo."

"Alisaga nini?"

"Mtama. Na uwele."

Akangoja. Mwanamke aliyekulia Songwa hahitaji kuulizia mambo ya jiwe la kusagia, hilo nalijua leo na nililijua wakati ule. Alikuwa amenifungulia mlango na kukaa kando nipite.

Nikafungua mdomo, nikaanza kueleza tofauti ya jiwe lile na karasha. Nikamwambia jiwe la bibi hukandamiza, lakini karasha linapiga, na ndiyo maana mawe magumu lazima uyapige kwa nyundo kwanza yawe madogo. Nikamweleza habari za vyuma vinavyosaga ndani ya mashine, vinavyoliwa siku hadi siku mpaka vinabaki kama mayai ya kanga. Sijawahi kusema maneno mengi kiasi hicho kwa mpigo mmoja maishani mwangu. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hata aliuliza swali moja, vyuma vikiisha vinatupwa wapi, nikamjibu hilo nalo.

"Picha! Picha ya pamoja!" Marselino akaita kutoka nje. "Mama Rebeka, Bujiku, tunawasubiri nyinyi!"

Melania akajifuta vumbi la mikono, akatoka. Kwenye picha alisimama mstari wa mbele, na kulia kwake palikuwa na nafasi ya mtu mmoja. Mimi nilikwenda nyuma, kwa watu wa besi, kwa sababu ndiko nilikozoea. Picha hiyo ninayo kwenye simu. Ile nafasi inaonekana vizuri, na nyuma yake, juu kidogo, ninaonekana mimi.

Njiani kurudi waliimba sana. Kila kijiji tulichopita nilijiambia tukifika kile kinachofuata nitahamia kiti cha karibu naye, lakini Bibi Mbuke alikuwa amekaa naye, nami nisingeweza kumsogelea Bibi Mbuke. Ile heshima niliyoitoa Jumamosi ndiyo iliyonizuia Jumapili. Maganzo tulifika jua likiwa limeanza kulala. Kwaya yote ilishuka kumuaga, akina mama wakalia kidogo, Ignas akampa kiroba kipya ambacho hakijatumika, kimeandikwa majina yetu kwa kalamu nzito. Mimi nikapanda juu ya gari kuteremsha mizigo, kazi ambayo haihitaji maneno.

Tangu hapo ni karibu mwaka. Kwenye karasha viroba vinashonwa na kijana mmoja kwa waya, na vinapasuka. Dumu la dizeli limebaki kwenye jua, sijalirudisha. Mwezi wa pili niliomba ruhusa, nikapanda basi mpaka Maganzo, nikakaa stendi kutoka saa nne hadi saa tisa. Vijana wa bodaboda waliniuliza mara nyingi, "Mzee, Songwa?" Songwa si mbali pale. Nikanunua karanga, nikarudi Masumbwe. Sikumwambia mtu, ila sasa nimeandika.

Jioni ile ya kuagana Maganzo, godoro lilikuwa limeshateremka, sufuria nazo, na nilikuwa nimebaki juu ya gari na mkoba mmoja mkononi. Bibi Mbuke alikuwa ameshakaa kwenye bajaji, amenipa mgongo kama inavyotakiwa. Melania akaja peke yake chini ya ngazi ya gari, akainua uso. Hakupunguza sauti, lakini kwa honi na kelele za stendi sidhani kama mwingine alisikia.

"Bujiku," akasema, "mama yangu umemuuliza, na amekujibu. Mimi bado hujaniuliza kitu. Haya, nipe huo mkoba, wenzako wanakusubiri."