Fimbo ya Mashuani Huchaguliwa Umekaa

Nakumbuka Jumamosi ile, mwanangu, nilipomtoa baba yangu hapa Quakers Hill asubuhi na mapema twende tukavue samaki mto Nepean, nami nina fimbo ya kuvulia ndefu kuliko gari. Ncha ilitokeza dirishani, na kila tuliposimama kwenye taa madereva walitukodolea macho. Mimi nilijiona malkia. Nakusimulia haya kwa sababu wewe, uliyekuja juzi tu ukiwaacha wazazi wako kule kwetu, umeniambia unataka fimbo ya kuvulia ukiwa mashuani, na umekwisha kuipenda moja kwa urefu wake. Ngoja kwanza.

Nilikuwa na miaka ishirini na minane, muuguzi, mwaka wangu wa tatu Sydney. Baba alikuwa amekuja kutoka kwetu mto Tana kunitembelea kwa wiki tatu, na kwa muda wote huo nilishindwa kumfurahisha. Nilimpeleka kuona lile daraja maarufu la Sydney, akasema daraja ni daraja. Nilimpeleka madukani Merrylands, akachoka miguu. Alikuwa na jambo moja tu moyoni. Nilipokuwa mdogo aliniahidi kwamba siku moja atanipakia mtumbwini tuvue sisi wawili. Hakunipakia, kwa sababu shangazi yangu alipoteza mkono kwa mamba, na mama akatukataza watoto katakata kukaribia maji. Sasa alitaka kuitimiza ahadi yake kabla ya kurudi. Ndege yake ilikuwa Jumapili jioni. Alikuwa na miaka sabini na minne, na sote tulijua hatakuja tena.

Kununua fimbo ilikuwa kazi yangu. Nilikwenda dukani peke yangu baada ya zamu, nikasimama wima, nikazitikisa moja moja, nikachukua ile ndefu kuliko zote, mita nne nzima. Kuuliza si ujinga, lakini sikuuliza. Nani angemfundisha mtoto wa Tana kuvua? Sisi watoto tulivua tukiwa juu ukingoni, kwa fito ndefu zilizofika mtoni ili miguu yetu isifike. Ufito mrefu ndio uliokuwa usalama wetu. Nilikuwa nimelibeba hilo kichwani miaka yote, wala sikujua kwamba nalibeba.

Mashua ilikuwa ya bati, ndogo, ya kuazima kwa jirani. Baba akashika makasia, akatusogeza taratibu hadi kando ya matete, akatia nanga. Mimi nikachomeka punje mbili za mahindi ya kopo kwenye ndoana. Hapo shida zikaanza. Nikiigeuza fimbo huku, inanasa kwenye matawi. Nikiirudisha, inapita juu ya kichwa cha Baba, na mara ya tatu ikamvua kofia, ikaelea ikaenda zake. Kisha samaki akala.

Alikuwa carp, yule samaki mnene mwenye sharubu fupi anayependa kuchimbua tope. Nilimchosha vizuri, usinidharau, nikamleta hadi karibu na mashua. Lakini fimbo ya mita nne, ukiwa umekaa, haikuruhusu kumvuta mpaka ubavuni. Yeye yuko kwenye ncha kule, wewe uko huku. Baba alinyoosha wavu, haukufika. Nikasimama. Mashua ikayumba, Baba akashika ukingo kwa mikono miwili, wavu ukaanguka majini. Samaki akapiga mbizi chini ya mashua, fimbo ikabanwa kwenye ukingo, ikakatika katikati.

Nililia. Samaki sikumlilia, niliililia Jumamosi yenyewe, maana niliona nimeipoteza.

"Kwa nini ulinunua ndefu namna hii?" Baba akauliza.

"Ili tufike mbali, Baba."

"Mbali wapi, nawe umekaa juu ya samaki?" Akatazama maji kushoto na kulia. "Ama yule mamba wetu ulimleta kwa ndege?"

Nilitaka kucheka nikashindwa, kwa kuwa alikuwa amenipatia. Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nilikuwa nimenunua fimbo ya kumkwepa mamba, katika mto usio na mamba. Naye akaongeza, kwa upole lakini bila kunionea huruma, "Uliichagua umesimama. Mashuani hasimami ila mjinga."

Kesho yake tukitoka kanisani, sanduku lake likiwa tayari garini, akaniamuru nimpeleke dukani. Baba yangu, na suti aliyoshonewa kwa harusi ya kaka yangu, akakaa sakafuni katikati ya duka, magoti juu, vile vile anavyokaa mtumbwini. Muuzaji akaja mbio akidhani mzee ameanguka.

"Is he okay, love?"

"He's fishing," nikamjibu, yaani anavua samaki.

Baba akanikalisha mbele yake, akawa ananipa fimbo moja baada ya nyingine nizigeuze kulia na kushoto bila kumgusa. Nyingi zilimgusa. Iliyofaulu ilikuwa fupi, mita mbili hivi. Akaishika ncha, akaniambia nivute. Ncha ikainama upesi, lakini tumbo la fimbo, pale katikati, likagoma kupinda.

"Ncha ni sikio," akasema, "humsikia samaki akionja. Tumbo ni nguvu. Tafuta sikio jepesi na tumbo gumu, basi."

Tukainunua, tukaazima tena mashua ile ile, tukawa na saa moja tu ya kuvua. Tukaingia mtoni na nguo za kanisani, Baba akapiga makasia. Ncha ikatetemeka, nikavuta, samaki akaja mpaka mikononi mwa Baba. Hakuwa mkubwa, yule wa jana angeweza kummeza. Baba akamshika, akasema, "Nilikuahidi." Kutoka hapo tulikwenda uwanja wa ndege moja kwa moja. Alipanda ndege kichwa wazi, na suti ya harusi, ananuka samaki, na sijawahi kumwona mtu mwenye furaha kama yeye. Alifariki miaka miwili baadaye, na nikimkumbuka namkumbuka hivyo.

Basi mwanangu, nenda dukani ukae chini. Usione haya. Mimi na magoti yangu haya bado naomba ndoo ya kukalia, na pale dukani wamenizoea. Chukua fimbo ya mita mbili au kuzidi kidogo, umfikishe samaki mkononi na usimvue mwenzako kofia. Jaribu ncha, kisha jaribu tumbo. Mpini usizidi sana urefu wa mkono wako kutoka kiwiko, la sivyo utakukwama kiunoni. Na kabla ya kutoa pesa jiulize kama unauchagulia mto uliomo sasa au mto wa kule ulikotoka. Tana usiisahau kamwe, imetulea, lakini mamba wake mwache huko huko. Na hili si la fimbo tu. Utakapochagua kazi, utakapochagua mchumba, kaa kwanza pale utakapokaa kila siku, ndipo useme hiki kinanifaa.

Nenda na baraka zangu. Mungu akupe sikio jepesi na tumbo gumu, akupe wa kukupigia makasia, na siku wazazi wako watakapokuja kukutembelea, warudi kwao wananuka samaki.