Siku Niliyokula kwa Jirani

Nilikuwa mama ntilie pale Majengo, na kwa karibu miaka miwili nililisha watu bila mimi mwenyewe kula chakula cha maana. Nilianza kwa kuacha cha jioni, baada ya mashangazi kunicheka harusini kwamba sare imenibana. Kisha nikaacha na cha mchana. Mwishowe ugali ukawa unaniogopesha: niliusonga, niliupakua, lakini nikitaka kuutia mdomoni moyo unakwenda mbio. Bodaboda mmoja akaniuliza, "Mama, mbona wewe hukigusi? Umetia nini humu?"

Siku nilipoanguka kando ya jiko nilipelekwa hospitali. Daktari alinitibu, mshauri akazungumza nami, kisha nikakabidhiwa kwa binti mmoja, mtaalamu wa tiba kwa vitendo. Nikadhani ni mazoezi ya viungo. Nikavua viatu.

"Vaa tu, mama," alisema akijizuia kucheka. "Mimi nakusaidia urudie mambo ya kila siku yaliyokushinda. Kupika, kukaa mezani, kula na watu."

"Kupika? Mwanangu, nimeanza kupika hujazaliwa."

"Ndiyo. Unawapikia wengine."

Nikavaa viatu vyangu.

Kwa wiki kadhaa alikuja kwangu, nikapika chungu kidogo cha watu wawili, tukala. Kila nikiinuka kumwongezea mboga, ananishika mkono: "Kaa, mama. Mimi si mteja."

Kisha akasema sasa nile chakula nisichopika wala kujipimia mwenyewe. Mahali pa karibu palikuwa kwa jirani wa ng'ambo ya barabara, mama ntilie mwenzangu. Tulikuwa tumenuniana tangu aanze kuuza dagaa wa Kirando, wale wa Ziwa Tanganyika, kama mimi.

Alipotuona tunaingia alishika kiuno. "Umekuja kuchungulia mapishi yangu?"

"Tumekuja kula, mama," alisema mtaalamu.

Jirani, kwa kunikomoa, akaniletea mlima wa ugali wa ulezi na bakuli la dagaa wa mchuzi. Nikamega tonge dogo, nikachovya, nikameza kwa shida.

"Chumvi imezidi," nikasema.

"Wapi? Onja tena!"

Nikaonja tena. "Imezidi."

Akaleta maharage kuthibitisha kwamba anajua kupika. Nikayaonja, nikamwambia yameiva vizuri ila kitunguu kimeungua. Tukabishana, mimi natafuna, yeye anapiga meza, na binti wa watu anakula kimya kama hayupo. Nilipotazama chini, nusu ya ugali haikuwepo. Hofu ikanirudia yote kwa mpigo, nikaangua kilio.

"Jamani!" Jirani alishtuka. "Basi, nitapunguza chumvi!"

Nikacheka huku nalia, nikamweleza ukweli wote. Akavuta kigoda, akakaa. "Na mimi nilidhani unakonda kwa wivu," akasema.

Sikupona siku ile. Siku mbili zilizofuata sikuweza kitu zaidi ya uji, na mtaalamu hakunigombeza; alirudi tu, tukaanza tena. Ilichukua muda mrefu. Sasa ikifika saa saba mchana nakaa chini, nakula. Mteja akija wakati huo, anasubiri. Wengine hununa, wakavuka barabara kwenda kwa jirani, wasimkute. Yupo kwangu, tunakula.