Maji Kidogo ya Kulainisha Njugu

Mimi ni mtu wa nyumbani kiasi kwamba kufika sokoni Kosele, ambako hata chai haijapoa utakuwa umerudi, kwangu ni safari ya kuaga watu. Tulipomaliza kidato cha nne wenzangu walikimbilia Nairobi. Mimi nilikimbilia jikoni kwa mama, na humo ndimo nilimoanza kusaga siagi ya njugu na kuipakia kwenye chupa.

"Wenzako wanajenga magorofa," mama hunitania, "wewe unajenga tumbo."

Lakini kwa usafi hakuna wa kunicheka. Afisa wa afya, dada mmoja mdogo kwangu kwa umri, alipokuja kunikagua ili nipate chapa ya ubora, alinikuta na aproni nyeupe na kofia ya nailoni, kama bibi harusi aliyekimbiwa. Alikagua sakafu, akakagua kucha zangu, akatafuta nzi akamkosa. Akachukua chupa moja ikapimwe. Nilimsindikiza hadi barabarani, na barabarani mimi huwa sifiki.

Aliporudi hakuwa na kicheko. Siagi yangu ilikuwa na sumu ya kuvu kupita kiwango. Haionekani, haina harufu, na ukiichemsha haitoki.

"Kuna mahali njugu zilipata unyevu," akasema. "Huwa mnazimenyaje?"

Mama alifurahi kuulizwa, maana kumenya ni kazi yake. Alileta karai, akamimina njugu na maganda yake, akazinyunyizia maji kwa kiganja, akafunika na gunia.

"Zinalala hivi, nyathina," alimwambia, kama anayeongea na mtoto wake mwenyewe. "Asubuhi ganda limelainika. Kidole hakiumi, njugu haivunjiki. Mama mkwe wangu ndiye alinifundisha nilipoolewa hapa."

Huku kwetu kila mtu hufanya hivyo. Ungeona vidole vya mwanamke aliyemenya njugu kavu msimu mzima, ungemletea hayo maji wewe mwenyewe.

Afisa alilifunua lile gunia, akachungulia. "Mama, shida ni hayo maji. Kuvu inaota humo ndani nyinyi mkiwa mmelala."

"Maji haya? Haya ni ya mvua, masafi kabisa!"

"Hata yangekuwa ya kubatizia, Mama."

Nilicheka. Nilicheka peke yangu.

"Na zile mbovu mnazochambua," akaendelea, "zile zilizonyauka na kubadilika rangi, mnatupa wapi?"

"Kutupa?" Mama alimtazama kana kwamba ameulizwa tunakotupa watoto. "Nzuri ni za kuuza. Hizo nyingine tunasaga za kutia kwa mboga. Tunakula sisi."

Dada wa watu alichuchumaa karibu na mama. Akasema pole pole kwamba hizo ndizo zenye sumu zaidi, na kwamba sumu hiyo haimwangushi mtu leo wala kesho. Inamla mwaka baada ya mwaka.

"Inamshika wapi?" mama akauliza.

"Kwa ini, Mama."

Baba alituacha nikiwa kidato cha pili, macho ya manjano, tumbo limefura. Hospitalini walisema ni ini. Nyumbani walisema ni jirani. Na hakuna aliyependa mboga ya njugu kama baba. Alikuwa akipangusa sufuria kwa ugali mpaka mbwa anakata tamaa.

Afisa, ambaye hakujua habari za baba, aliniagiza nimwage siagi yote chooni. Nikaimwaga chupa kwa chupa huku yeye akinitazama. Mama hakutoka jikoni hata kumuaga.

Siku hizi anamenya kavu. Glavu nilizomnunulia amezitundika ukutani kama picha. Vidole gumba vimempasuka, na nikikaa kumsaidia ananiambia nina mikono ya mwalimu. Zile mbovu hatuzili tena. Anazifukia mwenyewe nyuma ya nyumba, hataki nishike jembe.

Juzi, bila kuinua macho kutoka kwenye karai, aliniuliza, "Baba yako alizipenda zile mbovu, ama?"

"Baba alipenda kila kitu, Mama. Hata ule ugali wako wa kuungua."

Alicheka kidogo. Kisha mikono yake ikatulia kwenye karai, akingoja jibu. Nikachukua njugu moja, nikaibana kwa kidole gumba, na ganda likakataa kupasuka.