Ukingo wa Bwawa la Jaswant

Mvua za Aprili 2008 zilipokataa kukatika, Jaswant, mkulima wa Rongai, aliona ufa kwenye ukingo wa bwawa lake la samaki. Bondeni chini ya ufa huo palikuwa na chemchemi yenye tilapia wa asili.

Jirani yake Wawira, aliyefundisha mambo ya samaki kule Njoro, alikuja mbio, matope hadi magotini.

"Mzee, pasua upande ule mwingine, maji yaende shambani!"

"Nipoteze samaki wangu? Si wote ni tilapia tu?"

"Wako ni wa kuletwa. Kiangazi kilichopita maji yalipopata moto, wako walikufa ovyo, wa chemchemi wakavumilia. Ukingo ukibomokea bondeni, watachanganyika na kuzaana, na mbegu hiyo ya uvumilivu itapotea. Tutaitoa wapi tena?"

Udongo ulianza kumeguka. Jaswant alikuwa akiwafuga samaki wale tangu mkewe afariki, na ndio waliokuwa wakimtoa nyumbani kila asubuhi. Alishika jembe, akapasua upande wa shamba. Maji yakalaza mahindi machanga, samaki wakarukaruka matopeni.

Wawira alitaka kumshukuru. Jaswant akatikisa kichwa.

"Usiseme kitu. Lete ndoo."