Hasira ya Moyoni

Nilipokuwa mtoto hapa Nyakabiga, mdogo wangu Emanueli alishikwa na surua. Mwaka ule nilikuwa nianze shule. Badala yake nikafungwa mtoto mgongoni, maana mama aliuza samaki wa ndagala sokoni na hakukuwa na mwingine wa kumbeba.

Mama akamwita Mama Rehema, jirani aliyetibu watoto. Akamfunga Emanueli uzi mwekundu kiunoni.

"Uzi huu unaponesha," akatuambia. "Lakini mutu asikasirike mu nyumba hii siku saba. Hata hasira ya moyoni inaharibu."

"Na mutoto asipopona?" baba akauliza.

"Basi kuna mutu alikasirika."

Siku ya tano Emanueli akafa.

Mama Rehema akarudi, akaketi nasi mkekani. Hakugomba. Akauliza kwa upole, ni nani? Mama akasema ni yeye, alimkasirikia mwenzake aliyemchukulia nafasi sokoni. "Apana, ni mi," baba akasema. "Nilikuta ugali umeungua." Shangazi, aliyelala kwetu na kushinda kazini, naye alikuwa na lake. Na kila mara Mama Rehema aliitikia kwa kichwa: ndiyo, hata hiyo ingetosha.

Mimi tu nilinyamaza. Kila asubuhi niliwaona wenzangu wakipita na madaftari, mtoto ananililia mgongoni, na moyo wangu unawaka.

Sikumwambia mtu miaka yote hii, mpaka mwezi uliopita nilipomwambia mjukuu wangu Divine, anayesoma chuo kikuu. Akacheka kidogo, kisha akaacha.

"Koko, akipona ni uzi, akifa ni nyinyi. Sasa huyo mama angekosea namna gani? Kitu kisichoweza kukosea si sayansi."

"Basi ni uongo?"

"Siwezi kusema ni uongo. Hakipimiki. Ndiyo shida yake."

"Kwa hiyo na mi siwezi kujua kama nilimuua."

Akanishika mkono. "Ilikuwa surua, Koko. Surua tu."

Namwamini. Yeye amesoma, mimi sikusoma. Lakini jana mtoto wake alikuwa na homa. Tulikuwa tumetoka kituo cha afya, dawa amekunywa, nikambeba. Akalia mchana kutwa. Kiuno kinaniuma, nimechoka mimi. Nikajikuta nimesimama katikati ya ua, naupekua moyo wangu polepole, nione kama nimekasirika.