Mbwa wa Mutahi na Mwavuli wa Mzee Athman

Mutahi wa Majengo, mjini Nyeri, alikuwa mpaka rangi. Ukitaka kujua juma hili anapaka nyumba ya nani, hukuwa na haja ya kumuuliza, uliwatazama tu mbwa wake. Walikuwa wanne, na mikia yao ilitoka kijani cha zahanati ikaingia samawati ya duka la vitambaa kadiri kazi ilivyopatikana. Aliwapa vyeo vya kamati ya harambee: Chairman, Katibu, Mhazini, na jike mmoja mdogo aliyeitwa Memba. Alisema wanastahili, kwa sababu hawajawahi kukosa mkutano wenye chakula.

Ugonjwa wake wa kufundisha mbwa ulimpata hotelini. Alikuwa juu ya ngazi akipaka dari wakati televisheni ilipoonyesha mbwa wa Ulaya wakiruka viunzi, wakipenya ndani ya bomba na kujipinda katikati ya vijiti, mwenye mbwa akikimbia kando yao na watu wazima wakipiga makofi. Mutahi alitazama mpaka rangi ikadondokea supu ya mteja. Kisha akashuka.

"Hizo mbwa ziko na miguu nne," alisema. "Na zangu ziko na nne."

Hakuna aliyeweza kuipinga hesabu hiyo, hata yule mwenye supu.

Basi kile kiwanja kilichokuwa kati ya nyumba yake na ya jirani yake, Mzee Athman, kikajaa takataka zenye cheo. Tairi kuukuu zilining'inizwa. Pipa lilitobolewa huku na huku likawa bomba. Fito za mkalitusi zikachomekwa kwa mstari, na vipande vya mbao vikawekwa juu ya matofali. Kila jioni Mutahi alisimama upande wa mbali, kipenga shingoni, mkebe wa mafuta ya Kimbo uliojaa ugali mkononi, akiamrisha. Leo angesema "ruka", kesho "panda", kesho kutwa "songa mbele, kamati", kulingana na alivyoamka.

Mzee Athman alikuwa fundi wa stovu na taa za karabai, mtu safi, mwenye kanzu nyeupe kuliko nia ya yeyote mtaani. Kwake mbwa ni najisi: mate yakigusa nguo ni kuosha mara saba, na mojawapo kwa udongo. Njia yake ya msikitini ilikatiza kiwanja kile kile. Ilikuwapo nyingine, ya kuzungukia sokoni, lakini alisema alikuwa akipita hapa kabla bibi za mbwa hawa hawajazaliwa, kwa hiyo atakayehama si yeye. Badala ya kuhama alinunua mwavuli mkubwa mweusi. Kila magharibi alipita akiwa ameunyosha mbele, akiwaelekeza mbwa mbali naye. Akiona mmoja anamjia, anamwonyesha tairi: "Kule! Pita kule!" Mwingine akija, anamwonyesha pipa. Akifika kwenye fito anapenya katikati upande huu na upande ule, kanzu ameikunja mkononi, kama bibi harusi anayevuka matope. Sisi majirani tulitoa viti nje. Redio ilikuwa haina kitu kizuri kuliko hicho.

Kisha ukaja ule mwaka wa mahindi ya njano ya msaada. Mvua iligoma, shamba likawa sakafu, na mjini watu walipanga foleni kutafuta unga ambao miaka mingine wangewapa kuku. Wacera, mkewe Mutahi, aliuza viazi sokoni hadi viazi vyenyewe vikaisha. Siku moja aliona mumewe anakata ugali wake mara mbili na nusu moja inaingia kwenye mkebe wa Kimbo. Hakupiga kelele. Wacera akipiga kelele unaweza kulala. Akinyamaza ndipo unatafuta viatu.

Alimweleza kwa upole kwamba kaka yake, Ndungu wa Endarasha, anahitaji mbwa wa kulinda kondoo. Atawachukua wote.

"Lakini sitaki useme nilikuonea, Baba Murugi," alisema. "Ngoja maonyesho ya kilimo. Hao wanariadha wako wakirudi na zawadi, hata kikombe cha bati, watakaa. Wasiporudi na kitu, Ndungu anakuja na pikapu Jumatatu."

Mutahi alikuwa amewaona mbwa wa Endarasha. Mchana wanafungwa mnyororo mfupi, usiku wanaachiliwa kwenye baridi, na kuruka kwao ni kuruka teke. Alitoka nje akaketi juu ya pipa lake, na Memba akaja akalala juu ya viatu vyake. Siku hiyo hata mimi sikumtania.

Mvua iliporudi akaanza kuwazungusha wazoee watu. Walisafiri nyuma ya lori la mbao, kwa sababu utingo wa magari ya abiria walikuwa wameshawakataa. Kwanza walikwenda Kerugoya, kwenye harambee ya kujenga zahanati. Mutahi alipanga tairi zake, akapuliza kipenga. Mbwa wote wanne wakaketi, wakamtazama kama watu wanaosubiri aseme jambo la maana. Akapuliza tena. Akapaza sauti, "Chairman, amka, wacha uvivu!" na mwenyekiti halisi wa harambee, aliyekuwa amesinzia kiti cha mbele, akaamka akavaa miwani. Watu wa Kerugoya walicheka wakashika miti. Murang'a mambo yalikuwa afadhali kidogo: huko mbwa waliruka, ila walichoruka ni meza ya mandazi.

Wakirudi Majengo, jioni hiyo hiyo, wanapita kila kitu bila kosa. Mutahi akaapa kwamba wanaona aibu mbele ya wageni.

Juma moja kabla ya maonyesho Mzee Athman akashikwa na homa, hakutoka nje. Jioni Mutahi akapuliza kipenga mpaka mashavu yakamuuma. Mbwa waliketi mstari mmoja, migongo wamempa yeye, nyuso wameelekeza mlango wa jirani. Siku ya pili ikawa vivyo hivyo. Wacera, aliyekuwa akisugua sufuria, aliweka chini steelwool.

"Baba Murugi, si uende umwone mgonjwa," alisema. "Mwalimu wao ni yeye. Wewe ni mpishi."

Nadhani Mutahi aliipitia miaka ile yote kichwani, jioni baada ya jioni, akitafuta hata moja ambayo wale mbwa walimsikia yeye. Halafu akachukua mayai, akavuka kiwanja.

Mzee Athman alimsikiliza akiwa kitandani, shuka hadi kidevuni. Alikataa kuwaongoza mbwa kwenye maonyesho kabla hajaambiwa yote. Aliuliza watu wa msikitini watasema nini. Akaongeza, bila kuficha, kwamba pikapu ya Endarasha yeye anaingojea kama wengine walivyongojea mvua. Mutahi alisema pole, akasimama. Alikuwa mlangoni mgonjwa alipouliza:

"Kwani Kerugoya ilikuwaje?"

Mutahi akamweleza yote, hata miwani.

"Walitucheka?"

"Walicheka sana, Mzee."

"Sikuulizi kama walicheka. Nauliza, walitucheka sisi?"

"Sisi," Mutahi akasema.

Mzee Athman alisukuma shuka, akaketi. "Nipe huo mwavuli," alisema. "Na kanzu isiguswe. Ikiguswa, naondoka uwanjani, nawaacha na kipenga chenu."

Siku ya maonyesho alikaa mbele ya lori, dirisha limefungwa, mbwa na Mutahi nyuma. Alivaa kanzu, koti, na gambuti alizonunua kwa shughuli hiyo, ingawa alidai amekuwa nazo siku nyingi. Mashindano mengine ya mbwa siku hiyo yalikuwa ya kutii amri, na mabwana waliovaa soksi ndefu walikuja na mbwa waliochanwa nywele. Wetu walikuwa na mikia ya rangi ya maziwa, kwa sababu ya kiosk fulani cha Karatina.

Mzee Athman aliingia uwanjani kama anayekwenda kuswali, mwavuli mbele. "Kule! Pita kule!" Chairman akaruka tairi. Katibu akapenya pipa, Mhazini nyuma yake. Kwenye fito alikunja kanzu na kuanza kupinda, na viongozi wote watatu wakapinda naye, kila mmoja akiacha nafasi ya kiganja kati yake na kitambaa kile. Memba alikuwa amebaki ndani ya pipa. Watu wakaanza kunong'ona. Mutahi, aliyeambiwa asimame kando na asipulize chochote, alikuwa ameuma kipenga. Mzee Athman alirudi, akainama mbele ya lile tundu, akasema kitu ambacho hakuna aliyekisikia. Memba akatoka, akapita fito zote, mkia ukipeperuka karibu na pindo la kanzu, karibu mno, na hakugusa.

Uwanja ulilipuka. Bwana wa kipaza sauti akatangaza zawadi, toroli jipya, "kwa Mzee Athman wa Majengo na mbwa wake wanne." Sauti ile ilifika hadi mjini, na ilipofika msikitini ilikuwa bado ina nguvu. Mzee alikimbilia kipaza sauti kusahihisha, lakini walikuwa wameshaanza kutangaza ng'ombe.

Alimsukumia Mutahi toroli palepale. Wacera hakulisifu. Alisema yeye ana masikio: toroli limepewa Athman, na mume wake amerudi na kipenga alichoondoka nacho. Jumapili hiyo Mutahi hakula.

Jumatatu pikapu ya Ndungu ikaja, minyororo minne nyuma. Mutahi alikuwa ameketi kwenye pipa, mbwa wamemzunguka. Wacera alimkaribisha kaka yake, akampa chai, akamuuliza habari za kondoo, akamjazia chai tena. Ndungu akauliza mbwa wako wapi.

"Mbwa gani?"

"Si hao."

"Hao ni wa Mzee Athman," Wacera alisema. "Nyeri nzima imesikia. Sasa mimi nitatoaje mali ya jirani?"

Ndungu aligeuka kumtazama Mzee Athman, aliyekuwa mlangoni kwake akifungua stovu ya mtu, naye Ndungu akangoja Mzee akane. Mzee aliipuliza stovu, akaiinua kwenye mwanga, akaipuliza tena. Pikapu ikarudi Endarasha na minyororo yake mitupu.